Sare ya Arobaini

Katika biashara ya khanga kila mtu ananusa. Mteja anayeijua khanga haulizi bei kwanza. Anaikunjua, anaipeleka puani, anavuta pumzi, ndipo anaitupia begani kujitazama. Khanga ya pamba tupu ina harufu ya wanga na rangi mbichi. Ile iliyochanganywa nailoni inanuka kama mfuko wa plastiki uliokaa juani. Mama yetu alinusa, mimi nanusa, na mdogo wangu, Mungu amrehemu, alinusa hata akaweza kukwambia robota hili lilipatwa na unyevu melini, kabla hatujakata kamba.

Kwa hiyo binti yake alipoanza kunusa, tulifurahi.

Mtoto alizaliwa na ulemavu wa akili. Tulijua siku ileile, kwa uso wake wa mviringo na macho yaliyopanda pembeni, na kwa jinsi mkunga alivyonyamaza. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno yalipokuja yalikuwa machache na mazito. Baba yake aliondoka kabla hajatambaa, na sitamsema zaidi ya hapo. Mdogo wangu alimfunga mgongoni akaja naye dukani kwetu Kariakoo, na hapo ndipo alipokulia, chini ya meza ya kukunjia.

Alipofika kama miaka sita akaanza kutusaidia kupanga. Unampa khanga, anaibandika usoni, pua inazama kwenye kitambaa, anaizungusha polepole kutoka pindo hadi mji wake, ile sehemu ya katikati, kisha anaiweka juu ya nyingine za aina ileile. Hakosei. Wateja walikuwa wanaacha kuchagua wakasimama kumwangalia.

"Karithi pua ya bibi yake huyu," mdogo wangu alikuwa akisema, kwa fahari ambayo kwa mtoto huyu hakuwahi kuipata mahali pengine popote.

Jirani yetu, Mchaga anayeuza mashuka, hakupita bila utani. "Dada, mpelekeni bandarini huyu, anuse makontena. Mtakula kwake mpaka uzeeni."

"Wewe kwanza tukunusie mashuka yako," mdogo wangu anamjibu. "Unasema pamba, yananuka ndoo ya plastiki."

Tulicheka sote, na mtoto akacheka kwa kuwa tumecheka.

Yalikuwepo na mengine. Ngazi alizishuka kwa makalio, mkono ukutani. Khanga nyeusi ikianguka sakafuni aliizunguka kama shimo. Ukimwita kutoka ng'ambo ya mtaa aligeuza kichwa huku na huku, hakuangalii wewe. Shuleni, kwenye kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili, alikaa akielekea dirishani badala ya ubaoni. Kwa kila jambo tulikuwa na jibu moja. Akili. Ndivyo walivyo. Jibu lilikuwa tayari tangu siku aliyozaliwa, na hakuna aliyetafuta la pili.

Lazima nieleze habari ya khanga moja. Mdogo wangu aliwahi kuchukua mzigo mkubwa wa khanga ya rangi ya machungwa, pindo jeusi, ikagoma kuuzika. Wateja walisema inawaka mno. Sisi wauzaji tuna dawa ya mzigo uliogoma: unauvaa. Akaivaa yeye, doti nzima, moja kiunoni na moja kichwani, kila siku ya Mungu, akasimama mlangoni. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na ile rangi ilimkaa kama aliyezaliwa nayo. Kina mama wakaanza kuuliza, "Nipe kama hiyo uliyovaa." Mzigo ukaisha, akaagiza mwingine. Mwisho wake ukisimama pembeni ya Mtaa wa Kongo saa za asubuhi huwezi kukaa muda mrefu hujaona mwanamke kavaa khanga ya mdogo wangu. Na yeye akaendelea kuivaa, kwa sababu ilimletea riziki.

Alifariki asubuhi ya siku ya kawaida kabisa. Tulikuwa tunafungua. Alisema kichwa kinamgonga, akakaa juu ya robota, akanyoosha kufuli, akaniambia, "Dada, hebu nishikie." Nikanyoosha mkono. Kufuli lilianguka kabla sijalishika. Yule jirani wa mashuka ndiye aliyembeba hadi kwenye bajaji. Hospitali walimwangalia, wakaniambia nikae kwanza. Sikukaa. Mtu akikwambia ukae unajua. Walisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Mimi nilikuwa namwangalia yule nesi midomo inavyocheza, nikawaza kwamba duka halijafungwa.

Kwetu wanawake hawaendi kuzika. Nilibaki chumbani kwetu Buguruni na kina mama wengine, mtoto mapajani. Jeneza lilipotoka limefunikwa kitambaa cha kijani, wanawake wakaangua kilio. Mtoto aliziba masikio kwa sababu ya kelele. Hakulia.

"Heri yake," mmoja akasema. "Hajui kitu."

"Malaika huyo. Mungu kamfichia."

Hakulia siku ya pili wala ya tatu, na hakuuliza. Hilo ndilo lililonishangaza. Nilijiandaa kwa swali lake kila usiku. Nilitafuta maneno mepesi nikayaweka tayari. Siku zikapita, anakula, analala, anapanga khanga, mama yake hamwulizii. Nikasema basi kweli, hajui kitu.

Tuliporudi dukani ndipo alipoanza kukimbia.

Mara ya kwanza nilimkuta kwa muuza vitunguu, kamkumbatia mwanamke mmoja kiunoni, shavu limelala kwenye khanga, anatabasamu. Mwanamke kashika vitunguu mikononi hajui afanye nini. "Huyu wa nani jamani? Kaning'ang'ania kama kupe." Mtoto aliposikia ile sauti akainua uso, akaachia, akarudi nyuma. Nikamshika mkono tukaondoka. Siku iliyofuata mwanamke mwingine. Kisha mwingine. Wamachinga wakamzoea, wakawa wananiitia: "Mama mkubwa, mtu wako kakata kona huku!" Nilikuwa namfuata nikimwacha mteja na khanga mkononi.

Mimi ni muuza khanga. Kila mwanamke aliyemkumbatia alikuwa amevaa ile ya machungwa. Niliona, na nikasema anaikumbuka harufu.

Kisha siku moja akakatisha Barabara ya Msimbazi peke yake. Bodaboda alifunga breki, pikipiki ikalala chini na yeye chini. Mtoto hakugeuka hata kuangalia. Alikuwa ng'ambo tayari, anamfuata mtu. Yule kijana wa bodaboda aliinuka goti linavuja damu, akashindwa kutukana. "Mama," akaniambia, "huyu atakufa. Mfungieni ndani."

Kaka yetu mkubwa alikuwa amekuja kutoka Masasi kwa ajili ya msiba, na alikuwa anangoja arobaini. Jioni hiyo alisikia habari ya bodaboda.

"Huyu naondoka naye," akasema.

"Na shule, kaka?"

"Shule ipi? Miaka mitatu, anajua herufi gani?"

"Hajui."

"Sasa shule ya nini? Kule hakuna magari. Kuna ua mzima, una lango."

"Na msimu wa korosho, mkiwa shambani?"

Kaka yangu si mtu mbaya, na hasemi uongo. "Lango litafungwa," akasema. "Atawekewa maji na chakula. Bora afungiwe akiwa mzima kuliko kuachiwa akiwa maiti."

Mimi niko peke yangu, duka liko barabarani, na nilikuwa nimeiona pikipiki ikilala. Lakini niliona pia mchana mzima wa uwani, lango limefungwa, na mtoto ambaye hawezi kusema amefanywa nini. Tukaahirisha maneno mpaka arobaini ipite.

Kwenye arobaini wanawake tunavaa sare. Ndiyo desturi ya mjini siku hizi, na sisi tunaouza khanga ndio tunaotegemewa kuichagua. Hapakuwa na ubishi. Kila mtu alisema ivaliwe ileile yake, ya machungwa, ndiyo heshima yake. Niliigawa mwenyewe doti kwa doti. Siku ilipofika ua wetu wa Buguruni ulijaa, mikeka imetandikwa ukuta kwa ukuta, wanawake wamekaa wamevaa moja kiunoni na moja kichwani, vilevile alivyokuwa anavaa. Aliyeingia alisimama mlangoni akashika kifua. "Utadhani yupo," walikuwa wanasema. Nilisikia ile kauli mara nyingi, nikaipenda.

Mtoto alikuwa amelala ndani. Dua ilipokaribia kwisha akaamka, akatoka mwenyewe mpaka barazani.

Akasimama. Kwanza alicheka. Ilikuwa furaha ambayo sijaiona kwake tangu kabla ya msiba, mikono juu, mwili mzima unatikisika. Akashuka kwa makalio, akamkimbilia mwanamke wa kwanza, akajitupa kifuani. "Njoo mwanangu," yule mama akasema, na mtoto akainuka ghafla kama aliyeunguzwa. Akaenda kwa wa pili. Akaenda kwa wa tatu. Akawa anashika mtandio wa kila mtu, anauvuta, anapeleka uso wake usoni kwa mtu, anaacha, anahamia kwa mwingine, na kila alipogeuka kulikuwa na mwingine. "Mama," akawa anasema. "Mama. Mama." Kisha si kusema tena, kupiga kelele. Sinia la pilau likapinduka. Aliyekuwa anasoma dua akanyamaza.

Nilimfuata nikamshika. Nami nilikuwa nimevaa sare. Alizamisha uso kwangu, nikamwambia, "Ni mimi, mama mkubwa," akanisukuma kwa mikono miwili kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akaingia chini ya meza ya vyombo akafunika kichwa.

Shangazi yetu mmoja akasema taratibu, "Huyu ana kitu. Mwiteni ustaadhi amsomee."

Kaka alikuwa amesimama upande wa wanaume, ameona yote. Hakuja kuniambia neno mpaka wageni walipotawanyika. "Jumamosi," akasema. Basi.

Siku mbili baadaye mwalimu wa kitengo alinipigia. Wataalamu wa macho walikuwa wanakuja shuleni kuwapima watoto wote wa kitengo. Nikamwambia, "Mwalimu, huyu anaondoka. Na macho hana shida, yeye tatizo lake unalijua."

"Mlete hata aage wenzake," akasema.

Nilimpeleka kwa ajili ya kuaga.

Walikuwa wamejifungia darasa moja, mapazia ya magunia madirishani. Mtaalamu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, amevaa baibui na viatu vya raba. Nilitegemea ubao wa herufi, nikamwambia mapema, "Hajui kusoma huyu." Akasema hahitaji. Alimulika taa ndogo kwenye jicho la mtoto, akawa anapitisha vioo mbele yake kimoja kimoja, akiangalia mwanga unavyorudi. Hakumwuliza mtoto kitu. Alipitisha kioo, akabadilisha, akabadilisha tena. Nikaona anakunja uso.

Kisha akatoa kadi za picha. Nyumba, mduara, kikombe. Akasimama hatua chache, akainua ya nyumba, akamwambia mtoto aoneshe inayofanana nayo mezani. Mtoto akakaa kimya. Akamsogelea. Kimya. Akampa ile kadi mkononi, na mtoto akaipeleka puani moja kwa moja, akaizungusha, akachukua kadi za mezani moja moja akazinusa, akampa ya nyumba.

Nikacheka kidogo. "Msamehe, mama. Ananusa. Ni ya ukoo, sisi tunauza khanga."

Yule mtaalamu aliniangalia. Hakucheka, wala hakunikaripia.

"Kadi zote hizi ni plastiki moja," akasema, "na nimezifuta zote kwa spiriti asubuhi. Zinanuka sawa. Angekuwa ananusa, asingejua ipi ni nyumba."

"Sasa anafanyaje?"

"Anaangalia, mama. Hapo puani ndipo macho yake yanapoishia."

Nilielewa kila neno na sikuelewa chochote. Nilimwangalia mtoto, kadi bado imegusa pua yake. Miaka yote ile. Robota kwa robota. Alikuwa anaangalia, anasoma maua na nukta na pindo upana wa vidole viwili kila mara, na sisi tumesimama pembeni tunasifu pua.

Mtaalamu aliendelea kuongea, akiandaa vitu vyake. Alisema watoto wenye hali kama hii mara nyingi wana matatizo ya macho kuliko wengine, na walistahili kupimwa tangu wachanga, bila kungoja wajue kusema au kusoma, maana taa ile haihitaji mtoto ajibu. "Lakini hawaletwi," akasema. "Akianguka, akili. Asipoangalia ubao, akili. Hata mahospitalini tunasema hivyohivyo. Sisi wenyewe."

"Sisi wengine anatuonaje?" nikamwuliza.

Akachukua fremu nzito ya chuma yenye nafasi za kuchomekea vioo, akaweka vioo viwili, akanivalisha. "Si sawasawa kabisa," akasema, "lakini karibu na hivi. Mwangalie mwalimu."

Mwalimu alikuwa mlangoni, si mbali. Nilimtafuta. Palikuwa na kitu cha bluu kimesimama. Juu ya bluu palikuwa na weusi. Hakuna macho, hakuna pua, hakuna mdomo. Kikasogea kidogo, na bado kilikuwa bluu. Kikasema, "Vipi mama mkubwa?" ndipo kikawa mwalimu.

Sijawahi kuogopa hivyo mchana kweupe. Nilivua ile fremu. Niliona ua wetu wa Buguruni umejaa machungwa ukuta kwa ukuta. Nikaelewa mtoto aliingia kwenye ua gani. Hakuwa na pepo. Alikuwa na mama mmoja, mwenye rangi moja na sauti moja. Sauti ilikuwa imepotea, rangi ikawa inapita mtaani kila siku, na siku ile tulimwekea rangi ile mikeka mizima halafu tukashangaa analia.

Mwalimu aliniletea maji. Niliyashika tu.

Vioo vyake vilikuwa vikali, ikabidi vitengenezwe, vikae siku kadhaa. Nilikwenda kwa kaka nikamwomba asogeze safari.

"Miwani?" akasema. "Mtoto hajui kusoma, miwani ya nini? Ya kuangalia mwezi?"

"Ya kuangalia magari."

"Ataivunja siku hiyohiyo."

"Ikivunjika nenda naye. Nipe wiki."

Nilimweleza habari ya kadi na vioo, na kitu cha bluu. Alisikiliza akijipapasa ndevu. Sidhani aliniamini, lakini alinihurumia, na kwake yeye hayo mawili yana matokeo sawa. "Wiki," akasema. "Moja tu, haina nyongeza."

Siku ya kuvaa, wataalamu walimfungia mpira nyuma ya kichwa kwa sababu pua yake ni fupi na miwani ilikuwa inateleza. Mara ya kwanza aliitupa. Mara ya pili pia. Mara ya tatu mikono yake ilisimama hewani. Aliangalia vidole vyake. Aliangalia ukutani. Kisha akaniangalia mimi, kutoka nilipokuwa nimekaa, bila kusogea, na sikujua niuweke wapi uso wangu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ananiona nilivyo, nimezeeka, nina kovu shavuni. Akagusa shavu lake mahali pale palipo na kovu langu.

Tulirudi Kariakoo kwa miguu. Sikuwa na haraka na yeye hakuweza kuwa nayo. Kila kitu kilimsimamisha: waya juu, viatu vilivyopangwa, meno ya mtu anayecheka. Alitazama watu usoni bila adabu, na watu wakamtazama.

"Duh, kitu kipya hicho," machinga mmoja akamwambia. "Profesa!"

Alimwangalia meno yule machinga mpaka akaona haya.

Tulikaribia dukani alipouvuta mkono wake kutoka kwangu. Niliona kabla hajakimbia alichokiona. Upande ule mwingine wa barabara, mbele ya muuza ndizi, mwanamke mrefu, ya machungwa kiunoni, ya machungwa kichwani, ametupa mgongo. Hata mimi kwa mara moja nilimwona mdogo wangu. Niliita. Hakusikia. Lakini pale kwenye ukingo wa barabara alifanya ambacho hakuwahi kufanya: alisimama. Akaangalia gari. Likapita. Akavuka.

Yule mwanamke aligeuka. "Vipi mwanangu, umepotea?"

Mtoto alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, hakumgusa. Alimwangalia uso. Kisha akashika miwani kwa mikono miwili akaipandisha juu ya paji, akamwangalia hivyo, bila vioo. Niliona uso wake unalainika. Akaishusha. Akaangalia. Akaipandisha tena, na safari hii alikaa hivyo muda mrefu, na mimi nimesimama katikati ya barabara na pikipiki zinanipigia honi. Nilikuwa nimeelewa anafanya nini. Bila miwani alikuwa mama yake. Akiivaa, mama anaondoka.

Yule mwanamke aliniangalia, akaona kitu usoni kwangu, akanyamaza. Namshukuru kwa kunyamaza kwake.

Mwisho mtoto aliishusha miwani, akaiacha palepale puani. Akarudi akanishika mkono mwenyewe.

Kaka alikuwa dukani, amekaa kwenye robota anakunywa chai. Mtoto aliingia, akamwangalia ndevu, akaniangalia mimi, akaangalia mlangoni watu wanavyopita. Kisha akasema, kwa ulimi wake mzito lakini maneno yote yamefika:

"Mama yuko wapi?"

Ndilo swali nililolingoja tangu siku ya maziko, nikamshukuru Mungu kwamba halikuja. Ndipo nilipojua kwa nini halikuja. Hakuuliza kwa sababu hakuwa amempoteza. Alikuwa anamwona akipita kila siku. Kwake mama yake alikuwa mjini, ana shughuli, anatembea haraka, hajamgeukia tu.

Yale maneno mepesi niliyoyaandaa yalikuwa yamekwisha. "Mama amekufa," nikasema.

Akaonesha mtaani. "Yule?"

"Yule si mama."

Akamwona mwingine, ya machungwa begani. "Yule?"

"Si mama."

"Wote?"

"Wote, mwanangu."

Alikaa sakafuni. Alilia kama mtu mzima, mikono mapajani, machozi yanajaa ndani ya vioo vipya, hayafuti. Mimi niliinama nikashindwa hata kumshika.

Kaka aliweka kikombe chini. Akashuka kwenye robota, akapiga magoti palepale sakafuni na kanzu yake safi, akanyoosha mkono wa kulia. Watu wengi walipita kwetu wakati wa msiba, walinipa mkono mimi, walimpa kaka, walimpa hata mwenye nyumba. Mtoto hakuna aliyempa. Walimpapasa kichwa wakapita.

"Pole na msiba, mwanangu," kaka akasema.

Aliutazama ule mkono, akautazama uso wa mwenye mkono. Akaushika. "Asante," akasema.

Jirani wa mashuka, aliyekuwa amesimama mlangoni na utani wake mdomoni tayari, aliumeza. Akaingia, akavua kofia, akanyoosha mkono na yeye.

Nilimwuliza kaka jioni ile kama bado anaondoka naye Jumamosi. Alikuwa anafunga begi lake.

"Tulisema hajui kitu," akasema. "Huyu ni mfiwa. Mfiwa simfungii lango mimi."

Aliondoka peke yake. Sitasema kwamba nina uhakika tulimfanyia wema. Kuna siku namwona akiipandisha miwani juu ya paji, mlangoni, saa ya watu wengi, anaangalia nje hivyohivyo kwa muda, na simwambii aishushe. Ila wiki ile sikufungua duka. Nilitandika mkeka chumbani, tukakaa msiba siku tatu, mimi na yeye, kama inavyotakiwa, na kila aliyekuja nilimwambia aanze kwa mtoto.